Kuharakisha, kukinga, kusitisha au haki kwanza? Kambi nne za akili mnemba zawekwa bega kwa bega

Ukipita kwenye mtandao wa X, zamani Twitter, katika kurasa za watu wa teknolojia wa California utaona majina yamefuatwa na alama ndogo: e/acc. Mtu asiyejua anaweza kudhani ni shahada. Ni kifupi cha effective accelerationism, bendera ya kambi, na ujumbe wake ni mfupi: akili mnemba iendelezwe kwa kasi yote inayowezekana, na anayetaka kuipunguza ndiye anayeleta madhara. Kambi hiyo ina wapinzani wengi, na wapinzani wenyewe hawaelewani.

Makala haya ni ya msomaji aliyesoma huku na kule, kila upande akauona una hoja, na sasa amekwama. Labda ameombwa atoe maoni kuhusu rasimu ya sera. Labda anatafuta mada ya tasnifu, au anajenga programu na anataka kujua atetee nini. Nimechukua kambi nne zinazosikika zaidi. Ndani ya kila moja wamo wastaarabu na wamo wapayukaji, nami nimejaribu kuwasikiliza wale wa kwanza.

Vipimo

Watu wengi huzipanga kambi hizi kwa matumaini: wenye imani na teknolojia kulia, waoga kushoto. Mpangilio huo haufai. Sam Altman wa OpenAI, kampuni ya ChatGPT, ambaye kazi yake ni kujenga mitambo hiyo, alitia saini tamko la Mei 2023 lililoitaja akili mnemba kuwa hatari inayoweza kuangamiza binadamu. Utamweka wapi?

Kwa hiyo natumia vipimo vinne. Hofu: kambi inaogopa kosa lipi kuliko mengine? Usukani: nani aamue kasi? Ushahidi: wanategemea nini wanapobishana? Na bei ya kukosea: ikibainika siku moja kwamba walikosea, nani ataulipa mzigo huo? Hiki cha mwisho mimi ndicho ninachokipa uzito mkubwa, kwa sababu wanaobishana mara nyingi si wao watakaolipa. Wewe unaweza kuvipanga vingine.

Kambi ya kwanza: e/acc, waharakishaji

Ilianza mwaka 2022 kwenye Twitter, miongoni mwa watu waliojificha nyuma ya majina ya bandia. Jina lenyewe ni dhihaka kwa effective altruism, vuguvugu la uhisani wa kimahesabu ambalo wafuasi wake wengi wanahofia akili mnemba. Sauti kubwa ilikuwa ya mtu aliyejiita Beff Jezos. Desemba 2023 jarida la Forbes lilimfichua: ni Guillaume Verdon, mwanafizikia Mkanada aliyewahi kufanya kazi Google kwenye kompyuta za kwantamu, na mwanzilishi wa kampuni ya chipu iitwayo Extropic. Miezi miwili kabla ya hapo, mwekezaji Marc Andreessen, yule wa kivinjari cha Netscape, alikuwa ametoa ilani yake ya kuisifu teknolojia, na katika orodha ya watakatifu wa ilani hiyo akamweka Beff Jezos. Garry Tan, mkuu wa Y Combinator, kampuni inayolea makampuni machanga ya teknolojia, naye aliibandika alama ya e/acc kwenye jina lake.

Falsafa yake ina mizizi miwili. Mmoja unarudi hadi Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, miaka ya 1990, ambako Nick Land na wenzake walidai kwamba ubepari na teknolojia vina mwendo wao wenyewe ambao binadamu hauzuii. Maandishi ya Land yalikuwa na giza. E/acc ilichukua kasi ikaliacha giza. Mzizi wa pili ni fizikia. Verdon anaegemea kazi ya Jeremy England, aliyependekeza kwamba mata inayopokea nishati kutoka nje huelekea kujipanga kwa namna inayoitawanya nishati hiyo vizuri zaidi. Ukifuata mstari huo, uhai ni hatua moja, miji na masoko ni hatua nyingine, akili mnemba ni inayofuata. Lengo linapimwa kwa kipimo cha Nikolai Kardashev cha mwaka 1964: ustaarabu unaotumia nishati ya sayari, kisha ya nyota, kisha ya galaksi nzima.

Hapa nakiri kwamba hoja inanipendeza kuisoma kuliko kuiamini. Hata kama ulimwengu unaelekea huko, haifuati kwamba nasi tunapaswa kuusukuma. Moto wa msituni nao hutawanya nishati vizuri sana.

*Hofu.* Kuchelewa na kudhibitiwa. Andreessen alifika mahali pa kusema kwamba vifo ambavyo akili mnemba ingevizuia, kisha tukaichelewesha, ni aina ya mauaji. Hofu ya pili ina uzito zaidi kuliko wapinzani wanavyokubali: kwamba makampuni makubwa yanaomba sheria ili yavute ngazi baada ya wao kupanda.

*Usukani.* Soko, yaani kila mtu na hakuna mtu. Wengi wao wanatetea modeli huria, zile ambazo vigezo vyake, yaani namba zinazoiendesha programu ya akili mnemba, hutolewa hadharani ili yeyote azipakue.

*Ushahidi.* Mfano wao mkubwa ni nyuklia. Baada ya ajali ya Three Mile Island mwaka 1979, ujenzi wa vinu nchini Marekani ulidorora, na makaa ya mawe yakaendelea kuchafua mapafu ya watu. Wanataja pia AlphaFold, programu ya akili mnemba ya Google DeepMind, iliyotabiri maumbo ya protini zaidi ya milioni 200 na kuwapa Demis Hassabis na John Jumper sehemu ya Nobeli ya Kemia mwaka 2024. Ni mifano halisi. Lakini AlphaFold haikuzaliwa na e/acc. Hassabis mwenyewe alitia saini lile tamko la Mei 2023.

*Bei ya kukosea.* Wakikosea tunalipa sote, pamoja na wale ambao hawakuulizwa. Na kuna jambo ambalo wafuasi wengi hawajalisoma: katika maandishi ya mwanzo ya kambi hii, binadamu hana nafasi maalumu. Kinachotakiwa kuendelea ni akili na fahamu, katika mwili wowote ule. Ukiwa unaipenda e/acc kwa sababu unataka mwanao apate dawa mapema, pima kama hicho ndicho ulichojiandikishia.

*Inamfaa nani.* Mjenzi aliyechoshwa na vibali. Mtu anayeamini kwamba umaskini wa nishati na maradhi ni dharura ya leo. Kwa sasa ina upepo nyuma yake: Januari 2025 Donald Trump alifuta amri ya Joe Biden ya Oktoba 2023 kuhusu usalama wa akili mnemba, na mwezi uliofuata makamu wake JD Vance aliuambia mkutano wa Paris kwamba kesho ya akili mnemba haitapatikana kwa kuhangaika kuhusu usalama.

Kambi ya pili: d/acc, waharakishaji wa kinga

Novemba 2023 Vitalik Buterin, mwanzilishi mwenza wa Ethereum, mtandao wa sarafu ya kidijitali, aliijibu e/acc kwa insha ndefu. Hakukataa kasi, alikataa kuifanya kasi kuwa kitu kimoja. Herufi d aliipa maana kadhaa, kubwa zikiwa kinga na ugatuzi. Anasema kuna teknolojia zinazompa nguvu mshambuliaji na nyingine zinazompa nguvu mlinzi. Basi harakisha hizi za pili: chanjo, hewa safi majengoni, usimbaji fiche, mbinu za kuthibitisha kwamba programu haina mwanya.

*Hofu.* Mbili kwa pamoja: maangamizi, na dikteta atakayejitokeza kwa kisingizio cha kuyazuia.

*Usukani.* Mikono mingi. Hapa inakubaliana na e/acc kwenye modeli huria, lakini kwa sababu nyingine kabisa: e/acc inataka wazi ili mbio ziende haraka, d/acc inataka wazi ili asipatikane mtu mmoja mwenye funguo zote.

*Ushahidi.* Usimbaji fiche ndio ushindi wake. Ujumbe wako wa WhatsApp hausomwi na kampuni ya simu wala na mwenye waifai ya mgahawa, na hali hiyo imejengwa na wahandisi waliochagua upande wa mlinzi.

*Bei ya kukosea.* Mpaka kati ya kinga na shambulizi haukai mahali pamoja. Programu inayotafuta nyufa kwenye mfumo wa benki humsaidia fundi wa benki na mwizi kwa usiku huohuo. Tena kinga nyingi hazina soko. Nani ananunua hewa safi ya darasani kabla ya mlipuko? Buterin mwenyewe ameonekana kuona pengo hilo. Mwanzoni mwa 2025 aliongeza pendekezo kwamba dunia iwe na uwezo wa kupunguza nguvu ya kompyuta kwa asilimia 90 hadi 99, kwa mwaka mmoja au miwili, hatari ikikaribia. Yaani breki, kwenye gari la mtu anayejiita mharakishaji.

*Inamfaa nani.* Mhandisi wa usalama wa mitandao, mtafiti wa afya ya jamii, na yeyote anayeiogopa serikali kadiri anavyoiogopa mashine.

Kambi ya tatu: wasitishaji

Machi 2023 taasisi ya Future of Life ilitoa barua ya wazi ikiomba maabara zisimamishe, kwa angalau miezi sita, mafunzo ya mifumo yenye nguvu kuliko GPT-4, modeli ya OpenAI. Ilipata saini zaidi ya 30,000. Hakuna aliyesimama. Elon Musk, aliyesaini, Julai mwaka huohuo alitangaza kampuni yake ya xAI. Wapinzani huicheka barua ile kwa sababu hiyo, na wana haki ya kucheka, lakini unafiki wa msaini mmoja haujibu hoja.

Geoffrey Hinton, mmoja wa waasisi wa akili mnemba ya leo, aliondoka Google Mei 2023 ili aseme bila kubanwa, na mwaka uliofuata akapata Nobeli ya Fizikia pamoja na John Hopfield. Uholanzi likaanzishwa kundi la PauseAI linaloandamana mitaani. Oktoba 2025 ukaja wito mwingine, mkali zaidi: ujenzi wa akili inayomzidi binadamu upigwe marufuku hadi wanasayansi wakubaliane kwamba ni salama na umma uridhie.

*Hofu.* Kosa lisiloweza kurekebishwa. Ndege ikianguka tunachunguza, tunajenga nyingine. Hapa wanasema huenda asibaki wa kuchunguza.

*Usukani.* Serikali na mikataba ya kimataifa.

*Ushahidi.* Kwamba waundaji wenyewe hawawezi kueleza kikamilifu kinachotokea ndani ya modeli zao, hilo halibishaniwi. Kwamba dunia inaweza kujizuia, wanaonyesha Itifaki ya Montreal ya 1987, iliyokomesha gesi zilizokuwa zinakula tabaka la ozoni. Udhaifu upo kwenye ukubwa wa hatari. Hinton ametaja uwezekano wa asilimia 10 hadi 20; Yann LeCun, aliyegawana naye na Yoshua Bengio Tuzo ya Turing ya mwaka 2018, tuzo kuu ya sayansi ya kompyuta, anaiona hofu hiyo kuwa haina msingi. Wataalamu watatu, tuzo moja, na wawili tu kati yao wana wasiwasi.

*Bei ya kukosea.* Dawa zitakazochelewa. Usimamizi wa chipu za kompyuta zinazoendesha akili mnemba, unaogeuka upelelezi. Na kwa nchi zisizo na vituo vikubwa vya data, usitishaji unaweza kugandisha mpangilio wa leo: waliotangulia wabaki mbele kwa nguvu ya mkataba. Hata hivyo si kila sheria ya usalama inambana mdogo. Muswada wa California, SB 1047, ambao gavana Gavin Newsom aliukataa Septemba 2024, ulilenga modeli zilizogharimu zaidi ya dola milioni 100 kuzifunza. Waliopiga kelele kwamba ungewaua vijana wabunifu walikuwa wanasema mengine.

*Inamfaa nani.* Mtu asiyekubali kuweka rehani kitu asichoweza kukirudisha. Mwanasheria na mwanadiplomasia pia: Kenya na Rwanda zilikuwa miongoni mwa nchi zilizoafiki Azimio la Bletchley, la mkutano wa usalama wa akili mnemba nchini Uingereza, Novemba 2023, kwa hiyo meza hiyo ina viti vyetu, hata kama ni vya nyuma.

Kambi ya nne: haki kwanza

Hawa huwaambia wote watatu: acheni kubishania mwaka 2050. Anayejulikana zaidi ni Timnit Gebru, mzaliwa wa Addis Ababa, aliyeondoka Google Desemba 2020 katika mgogoro kuhusu makala ya kitaaluma juu ya hatari za modeli kubwa za lugha, na mwaka mmoja baadaye akaanzisha taasisi ya utafiti ya DAIR. Kwake, waharakishaji na wasitishaji ni ndugu wa tumbo moja, wote wakiabudu mashine ambayo haijaja.

*Hofu.* Madhara ya sasa, kwa watu wasio na sauti.

*Usukani.* Wafanyakazi na jamii zinazoguswa.

*Ushahidi.* Huu ndio wenye vipimo vingi. Utafiti wa 2018 wa Joy Buolamwini na Gebru ulipima mifumo ya kutambua jinsia kwa sura: kwa wanaume weupe makosa hayakufika asilimia 1, kwa wanawake weusi yalifika hadi asilimia 34.7. Na kuna Nairobi. Januari 2023 jarida la Time lilieleza jinsi wafanyakazi wa Kenya walivyolipwa chini ya dola 2 kwa saa ili ChatGPT ijifunze adabu. Kazi yenyewe ni hii: unasoma aya inayoeleza ubakaji wa mtoto, mateso au mtu kujiua, unaiwekea alama ya kundi lake, unafungua inayofuata. Zamu nzima. Mei mwaka huo wasimamizi wa maudhui walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao. Ukisikia mtu wa San Francisco akisema akili mnemba inajifunza yenyewe, kumbuka zamu hiyo.

*Bei ya kukosea.* Ikiwa wasitishaji wana haki, kambi hii itakuwa imeinama kutoa mwiba mguuni wakati mti unaanguka. Na ikiwa waharakishaji wana haki, tahadhari yake inaweza kuchelewesha chombo ambacho zahanati isiyo na daktari ingekihitaji.

*Inamfaa nani.* Mwandishi wa habari, mwanachama wa chama cha wafanyakazi, mwanasheria wa data, na mtu yeyote anayetaka kushughulikia jambo linaloshikika.

Pale zinapogongana kweli: modeli huria

Falsafa zikikuchosha, tazama suala hili moja, kwa sababu ndilo linalomgusa mjenzi wa Dar es Salaam au Kisumu moja kwa moja. Modeli ya parameta (vile vigezo) bilioni 8, ikishabanwa, ni faili la takriban gigabaiti 5. Unaipakua mara moja kwa bando la usiku, kisha inafanya kazi kwenye laptopu bila intaneti, bila kadi ya benki, bila kutuma maneno ya mgonjwa au mteja wako ng'ambo. Unaweza kuilisha Kiswahili cha kwenu, chenye lafudhi na misemo ambayo hakuna aliyeko California atakayeisubiri. Watafiti wa Masakhane, mtandao wa Waafrika wanaoshughulikia lugha zetu, wamefanya kazi zao nyingi kwa kuweka data na modeli wazi.

e/acc na d/acc zitakuambia hilo liendelee. Msitishaji atauliza: modeli ikishatoka, ikigundulika inaweza kumfundisha mtu kutengeneza kirusi cha maradhi, utairudishaje? Swali ni halali, maana faili lililosambaa halina pa kurudi, ingawa kwa modeli ndogo za leo linauma kidogo kuliko kwa kubwa za kesho. Kambi ya haki itauliza lingine: maandishi ya Kiswahili yaliyomo humo yalichukuliwa kwa ruhusa ya nani?

Uchague vipi kwa hali yako

Kama unajenga bidhaa na tishio lako kubwa ni kufungiwa nje na makampuni matano ya dunia, soma e/acc na d/acc kwa pamoja. Chukua utetezi wao wa modeli huria. Maneno ya nyota na galaksi unaweza kuyaacha bila kupoteza kitu.

Kama kazi yako ni usalama wa mitandao, afya au uchaguzi, d/acc itakupa orodha ya kazi, jambo ambalo kambi nyingine hazitoi.

Kama unaandika sera, usichague kambi moja kwa sheria nzima. Modeli zenye gharama ya mamilioni ya dola na mfumo wa kuchuja maombi ya mkopo ni vitu viwili. Kwa hizo za kwanza wasikilize wasitishaji, kwa huo wa pili wasikilize watu wa haki. Kenya ilizindua mkakati wake wa taifa wa akili mnemba Machi 2025, na Umoja wa Afrika una wake wa 2024. Soma vifungu kimoja kimoja ukiuliza kila kimoja kinaogopa kosa lipi.

Kama unaweka alama kwenye data au kuchuja maudhui kwa ujira, au una ndugu afanyaye hivyo, kambi ya nne ndiyo pekee iliyokwisha kukutaja. Anza huko.

Kama wewe ni mwanafunzi unayetafuta mada, pengo kubwa nililoliona ni kati ya ya pili na ya nne: kinga ya teknolojia kwa watu wa kipato cha chini, kwa mfano dhidi ya sauti za bandia zinazoiga ndugu na kuomba pesa kwa simu.

Na kama huwezi kulala kwa kufikiria mashine itakayotuzidi akili, usione haya kuwa msitishaji kwa sababu wenzako wanacheka. Waombe wakuonyeshe ni jaribio gani, likifanywa kesho, lingewafanya nao wapunguze mwendo. Mharakishaji makini atakuwa na jibu. Muulize na msitishaji swali hilohilo kwa upande wake.